Magoti Ndiyo Yanayocheza

Siku ya kwanza darasani niligundua kwamba kiuno changu hakinisikii. Mwalimu alisema, "Nyonga ya kulia ipande, mabega yatulie." Nikaipandisha nyonga. Bega likaifuata, nyusi zikafuata bega, na kisigino nacho kikaondoka sakafuni bila ruhusa. Tulikuwa wanawake tisa katika chumba cha ghorofani hapa Mombasa, mapazia yamefungwa, miguu mitupu, kila mmoja amejifunga kiunoni mshipi wa visarafu vya bati. Vya mwalimu vilikuwa vikiongea. Vyangu vililia kama mtu anayesaka funguo ndani ya mkoba.

Nina miaka 47, nimezaa mara mbili, na kazi yangu ni ya kukaa kitako mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi magharibi. Sikwenda pale kutafuta usanii. Nilikwenda kwa sababu ya mwenzangu wa kazini, mtu niliyemzoea miaka mingi akiingia mkutanoni huku amejibana ukutani, ambaye ghafla alianza kuingia kama mwenye nyumba. Nilipomuuliza kulikoni, akacheka: "Dada, nacheza." Mwandishi wa afya akiambiwa jambo kama hilo hawezi kuliacha lipite. Kutikisa kiuno mara mbili kwa wiki kunaweza kweli kumbadilisha mtu mwendo, au ni maneno ya wauza mishipi?

Ngoma yenyewe kwao ni Misri na nchi za jirani zake. Wamisri huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki, na ile ya nyumbani na mitaani, inayochezwa harusini na hata jikoni, huiita raqs baladi. Jina la "ngoma ya tumbo" walilipachika wageni, Wafaransa kwanza, kisha Wamarekani walioshangaa kuiona katika maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Anayeicheza anajua kwamba tumbo ni msindikizaji tu. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Shamu, alifungua ukumbi wake jijini Cairo, na hapo ngoma iliyozoea ua na sebule ikapandishwa jukwaani, ikapewa okestra na mikono ya kunyoosha. Tahia Carioca na Samia Gamal, ambao wazee wetu waliwaona katika filamu za Kimisri, walitokea katika ukumbi huo. Leo darasa la ngoma hii utalipata Tokyo, São Paulo na Berlin, na wengi wanaojiunga hawana nia ya kupanda jukwaa lolote.

Wiki ya tatu, nikiwa bado napandisha bega, nilipita kwa mama mkubwa, Mji wa Kale. Ana zaidi ya miaka sabini na magoti yanayotabiri mvua. Nikamwonyesha nilichofunzwa, nikijua atanikemea. Hakunikemea. Alinitazama, akaweka kikombe chini, akainuka mkekani kwa kushika ukuta, akajifunga leso chini ya kiuno, pale penye mifupa ya nyonga, kisha akakunja magoti kidogo. Kutoka kitovuni kwenda juu hakikusogea kitu. Chini yake leso ilikuwa ikizunguka kama maji ndani ya beseni.

"Wewe wasukuma kiuno," akaniambia. "Kiuno hakisukumwi, mwanangu. Magoti ndiyo yanayocheza, kiuno chafuata tu."

Ungempa kitabu cha anatomia asingekuwa na la kuongeza. Chukulia nyonga kama sinia lililowekwa juu ya nguzo mbili. Simama, miguu iwe sambamba, magoti yote mawili yamelegea. Sasa nyoosha goti la kulia peke yake: nguzo ya kulia imerefuka, na sinia limeinuka upande huo. Likunje tena, sinia linashuka. Badilisha kulia na kushoto upesi upesi na tayari una ule mtetemo wa nyonga ambao watazamaji hudhani unatoka tumboni. Nguvu kubwa imetoka kwenye misuli ya mapaja. Mtu aliyefunga magoti yake kama askari wa gwaride atasukuma kwa mgongo, na mgongo huo utamlipisha usiku.

Juu ya magoti kuna kazi nyingine. Msuli wa makalio ulio pembeni, ule unaozuia nyonga isianguke kila tunapoinua mguu mmoja kutembea, hufanya kazi wakati wote ngoma inapochezwa. Misuli ya ubavuni, inayokatiza kutoka mbavu hadi nyonga, huvuta duara na ile alama ya nane inayochorwa hewani. Ndani kabisa kuna msuli mpana unaozunguka tumbo kama leso iliyofungwa kwa kukaza. Huo ndio unaolivuta tumbo ndani pale mchezaji anapofanya mawimbi. Pamoja na misuli midogo inayoshika pingili za mgongo moja moja, na ile inayotandaza sakafu ya nyonga chini ya kibofu na mfuko wa uzazi, ndiyo inayoshikilia kiwiliwili kisiyumbe. Mtu anayekaa kitini saa nane kwa siku huisahau yote kwa pamoja.

Lakini ugumu mkubwa wa ngoma hii uko kichwani. Kusogeza nyonga ni rahisi. Kuisogeza nyonga peke yake, mbavu zikae, mabega yakae, uso usikunjamane, ndiko kunakochukua miezi. Anayejifunza jambo jipya huamsha misuli mingi kuliko inavyohitajika, kama mtoto anayejifunza kuandika huku ametoa ulimi. Kujifunza ni kuinyamazisha ile isiyohusika. Ubongo mdogo, ule uliojificha kisogoni, hulinganisha kile ulichokusudia na kile kilichotokea, kisha hurekebisha amri kidogo kidogo. Taarifa zake huzipata kutoka kwenye vihisi vidogo vilivyomo ndani ya misuli, kano na viungio, ambavyo kila wakati huripoti kiungo gani kiko wapi. Hiyo ndiyo hisia inayokuwezesha kufumba macho na bado ukagusa pua yako. Kwa watu wengi, ripoti hizo kutoka kiunoni ni hafifu, kwa kuwa hakuna aliyezisoma kwa miaka.

Hapo ndipo visarafu vinapopata heshima yake. Nilidhani ni mapambo ya kuuzia darasa. Kumbe mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wamekuwa wakionyesha tangu mwaka 1998 kwamba mtu hujifunza mwendo haraka zaidi akielekeza fikra kwenye matokeo yaliyo nje ya mwili kuliko akiufikiria msuli wenyewe. Mwambie mtu "kaza ubavu wa kushoto" na atakaza kila kitu hadi meno. Mwambie "nipe mlio mmoja tu, mkavu" na mwili utatafuta njia. Njuga za miguuni katika ngoma zetu hufanya kazi hiyohiyo: kosa husikika kabla halijaonekana.

Tuje kwenye hesabu ambayo kila mtu huuliza: unapunguza kilo ngapi? Jedwali ambalo wataalamu wa mazoezi hulitumia kukadiria matumizi ya nguvu ya mwili huzipa ngoma za asili, hii ikiwamo, kiwango cha mara 4.5 ya nguvu anayotumia mtu aliyetulia kitini. Kwa mwanamke wa kilo 70 hiyo ni kama kalori 315 kwa saa nzima ya kucheza. Ila saa ya darasa si saa ya kucheza. Kuna kupasha mwili moto, kuna kusikiliza maelezo, na katika darasa letu kuna kucheka sana. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Madarasa mawili yanakupa sehemu nzuri ya deni hilo, lakini hayalimalizi. Salio lilipe kwa kutembea haraka. Kipimo cha mazoezi ya wastani hakihitaji saa ya kisasa mkononi. Ukiwa unaweza kuongea na jirani yako lakini huwezi kumwimbia, uko mahali pake.

Takwimu za shirika hilo zilizotolewa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho, wanawake asilimia 34 na wanaume 29. Pengo hilo halinishangazi. Mwanaume akikimbia barabarani saa kumi na mbili jioni ni mwanamichezo. Mwanamke akifanya hivyo hupigiwa miluzi kutoka kila kijiwe, na chakula kinamngoja jikoni. Chumba chenye mapazia, wanawake peke yao, mwalimu mwanamke na muda maalumu ulioandikwa kwenye kalenda ni dawa ya maradhi ambayo mashine za kukimbilia hazikuwahi kuyatibu.

Na kitambi? Hapa nitawaudhi baadhi ya walimu. Mafuta ya tumbo hayayeyuki kwa kutikiswa. Watafiti wa Marekani waliwapa watu mazoezi saba ya tumbo, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 na kuwa na washiriki 24. Misuli ya tumbo ilipata ustahimilivu, lakini mafuta yaliyo juu yake hayakupungua kuliko ya wale ambao hawakufanya. Mwili huchota mafuta unakotaka wenyewe, hauchoti pale unapopatesa. Atakayekuahidi tumbo bapa kwa wiki nne, mwachie mshipi wake.

Sasa turudi kwa mwenzangu na mwendo wake wa mwenye nyumba. Utafiti unaotajwa sana ni wa Marika Tiggemann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, uliochapishwa mwaka 2014. Waliwalinganisha wacheza ngoma hii 112 na wanafunzi wa kike 101 ambao hawakuwahi kuicheza. Wachezaji waliiridhia zaidi miili yao, na walikuwa na tabia ndogo zaidi ya kujipima kwa macho ya watu wengine. Walipoulizwa kwa nini wanacheza, wengi walitaja raha na ile furaha ya kuweza hatua mpya. Kumvutia mtu hakukuwa juu kwenye orodha yao.

Usikimbilie kushangilia. Utafiti wa namna hiyo ni picha iliyopigwa mara moja. Haujui kipi kilikuja mwanzo: kujiamini, au ngoma. Huenda wanaothubutu kujifunga mshipi mbele ya wageni ni wale ambao tayari walikuwa na amani na miili yao. Lililo na uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni jaribio la Brazil lililochapishwa mwaka 2012. Wanawake 80 wenye fibromialjia, maradhi ya maumivu sugu ya mwili mzima na uchovu, waligawanywa kwa kura: nusu wakacheza ngoma hii saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 16, nusu wakasubiri. Waliocheza walipata nafuu ya maumivu, na namna walivyojiona pia iliboreka. Kura ndiyo inayoleta tofauti hapa, kwani hakuna aliyejichagua. Kinachobaki hakijatenganishwa ni kama dawa ilikuwa ngoma, au kutoka nyumbani mara mbili kwa wiki na kukutana na wenzako.

Na huenda haifai kuvitenganisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikwenda Brazil wakawachezesha wanafunzi 264 wa sekondari, wengine kwa hatua zinazolingana, wengine kila mtu na lake, wengine kwa nguvu, wengine wakiwa wamekaa. Kabla na baada ya hapo waliwafunga mkanda wa kupimia presha mkononi, wakaujaza upepo hadi mtu aseme basi. Waliocheza kwa kulingana walistahimili mkanda kwa kiwango cha juu zaidi, na waliotumia nguvu nyingi vilevile. Mambo hayo mawili yalifanya kazi kila moja kwa njia yake. Kulingana pia kuliwafanya wajihisi karibu zaidi na wenzao. Mtu yeyote aliyewahi kuzungushwa kwenye ngoma ya harusi hadi alfajiri, kisha asubuhi akagundua malengelenge ya miguu, hahitaji mkanda kuelewa.

Maelezo ya kisaikolojia yanayonishawishi ni haya. Mwaka 1997 Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walieleza jinsi msichana anavyofundishwa na jamii kujitazama kutoka nje, kama mpita njia anayemkagua. Kazi hiyo ya ukaguzi haina likizo: unaongea huku sehemu ya akili inaangalia kama gauni limebana. Ngoma hii humnyima mkaguzi nafasi. Ukijaribu kupandisha nyonga moja, kutuliza mabega, kuhesabu nne na kupumua kwa wakati mmoja, akili yote inahitajika ndani. Na kioo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2003 waliona kwamba wanawake wasiozoea mazoezi walijisikia vibaya zaidi walipofanya mazoezi mbele ya kioo kuliko bila kioo. Mwalimu wetu, ambaye sidhani kama amesoma utafiti huo, hutugeuza tukakipa kioo mgongo kila tunapofika kwenye hatua mpya. Tunacheza tukitazama mapazia.

Kisha kuna jambo ambalo mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika mwaka 1977 na halijachakaa: imani ya mtu kwamba anaweza hutokana kwanza na kuwahi kuweza. Kusifiwa husaidia kidogo tu. Wiki ya sita, Jumanne, bega langu lilikaa. Nyonga ilipanda, ikashuka, mlio mmoja mkavu, na bega lilikuwa mahali pake kana kwamba halihusiki. Hakuna aliyeona. Nilirudi nyumbani kwa matatu nikiwa nimekaa wima, na kondakta akaniita "mama mkubwa" badala ya "mathe", ingawa hilo sitalihesabu kuwa ni ushahidi.

Ngoma hii haina kuruka, kwa hiyo haiyaadhibu magoti na nyayo kama mazoezi mengine, lakini ina mitego yake. Mkubwa ni kujipinda kwenda nyuma kwa kuvunja kiuno, jambo linalopendeza kwenye picha na kubana viungio vya pingili za chini. Anayeanza aliache kwa mwaka mzima. Aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, aombe ruhusa ya daktari kwanza. Mjamzito ambaye alikuwa akicheza tangu zamani mara nyingi anaweza kuendelea kwa upole, akiacha mitetemo mikali, ila mkunga wake ajue. Mwenye mifupa iliyodhoofika, nyonga ya bandia au diski iliyotoka aonane na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kulipia darasa. Mkojo unaochuruzika ukicheka au kukohoa pia ni kesi ya fiziotherapia, na hutibika. Ngoma peke yake isitegemewe. Uchovu wa misuli siku ya pili ni wa kawaida. Maumivu yanayoteremka mguuni kupita goti, ganzi, au kushindwa kuzuia haja ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Nimesikia mtu akisema madarasa haya ni uhuni wa kigeni. Ugeni wake ni wa visarafu. Pwani hii wanawake wamecheza chakacha harusini, wanawake kwa wanawake, leso imefungwa palepale kwenye nyonga, kabla bendi za hotelini hazijaichukua kuwaonyesha watalii. Kwenye unyago wa pwani ya Tanzania na Unguja, somo au kungwi alimfundisha mwari kukata kiuno pamoja na usafi, adabu na mambo ya ndoa, mlango umefungwa. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 2013, alifundisha unyago hadi uzeeni. Upande wa muziki, husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga qanun, na ndiko tunakotaja mwanzo wa taarabu ya Unguja. Muziki ulikuja kwa njia ya bahari. Kiuno kilikuwapo bandarini kikiungoja.

Juzi nilirudi kwa mama mkubwa kumwonyesha bega langu lililotulia. Alisema si vibaya, ila nakaza kidevu. Akataka kujua tuko wangapi, nani wengine, kama kuna mwanaume anayechungulia. Nikamjibu. Akauliza twalipa ngapi, nikamtajia, akaguna. Aliikunja leso yake mara nne, akailaza pajani, akaipapasa.

"Na hiyo ngazi ya kupandia," akasema, "ina mahali pa kushika?"